Unga Wangu Juu ya Chuma cha Bwana

Nilikuwa mfagiaji katika karakana ya reli ya Wajerumani pale Morogoro. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa amezikwa kijijini Mkuyuni. Alikufa akiniita, nami nilikuwa kazini.

Asubuhi moja, siku tisa baada ya maziko, fagio langu liligonga meza ya Bwana fundi. Vumbi la chuma juu ya karatasi likasimama lenyewe, likajipanga mistari iliyopinda kama matuta ya milimani kwetu. Pembeni Bwana alikuwa ameandika hesabu nyingi. Nikajua Mama Zuhura amekuja.

Kwetu wafu huulizwa kwa unga. Nikachota jikoni kwa mpishi wa Bwana, nikanyunyiza juu ya mistari ile, nikapiga magoti.

“Mama Zuhura, kama umenisamehe, upange unga huu.”

Nikagonga meza. Chuma kikatikisika, kikajipanga tena. Unga haukujipanga. Nikagonga tena, huku nalia.

“Ndugu, unatambikia meza ya Mzungu?” Mpishi alikuwa mlangoni anacheka, na Bwana nyuma yake.

Bwana akainua karatasi. Chini yake palikuwa na sumaku.

“Hii huvuta chuma,” akasema. “Unga haiuwezi.”

Nilifedheheka, lakini nikapumua: kumbe si mke wangu aliyekataa. Ila bado hajanijibu.