Mfuko wa Koti

Wifi yangu, mjane wa kaka, atanitia wazimu. Tangu ahamie kwangu, hakuna kitu chenye rangi kilicho salama humu ndani. Kalenda ameikata kabla mwezi haujaisha, pazia limeliwa pindo, na kila nikivaa blauzi nakuta kifungo hakipo. Vyote anavibandika kwenye ubao alioulaza juu ya meza tunayolia chakula. Hukata huku ameuma ulimi, hupaka gundi kwa kidole gumba, kisha hukipuliza kipande kama anayepoza uji wa mtoto. Ukimwuliza, jibu ni lile lile: "Naupumzisha moyo, wifi." Wake upumzike, mimi presha inapanda!

Jana nilimfuata na blauzi mkononi, nimpe vidonge vyake. Nikamkuta amebandika mfuko wa koti la kaka, ameuzungushia vifungo vyangu, lakini mdomo wa mfuko kauacha wazi. Alikuwa ametumbukiza mkono humo, amefumba macho.

"Tukitembea kwenye baridi," akasema bila kugeuka, "mkono wangu ulikuwa unakaa humu."

Nikaitazama blauzi. Ilikuwa imebaki na kifungo kimoja.

"Haya," nikamwambia, "lete huo mkasi."