Winga wa Bagamoyo aliyekosa safari ya Tanga kwa sababu ya uji

Wakuu, habari za saa hizi. Walio wadogo kwangu, marahaba, maana najua ni wote.

Mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu, mimi nasema tu. Kaniambia humu mtu akisimulia anaulizwa kama ni chai.

Siyo chai. Ni baba yangu mzazi.

Aliitwa Mwinshehe, winga wa kushoto wa timu ya mji wa Bagamoyo, zama za Mwingereza. Alicheza peku, kifundo kimefungwa kitambaa. Akishapata mpira pembeni, beki bora akae chini apumzike.

Basi timu ikaalikwa Tanga kugombea kombe. Wiki ileile mama akajifungua mimi.

Sasa huku kwetu mzazi hakai peke yake siku arobaini. Anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga. Kazi ya wanawake hiyo. Lakini bibi mzaa mama alikuwa Ubena, mgonjwa, na mama mwenyewe homa ilimshika hata kukaa hawezi.

Baba akawaambia wenzake, "Nendeni. Mimi nina mzazi ndani."

Nafasi yake akapewa rafiki yake Kibwana, fundi wa milango ya nakshi. Kibwana akafunga goli, kombe likaja Bagamoyo. Baba yuko jikoni anakoroga uji, macho mekundu kwa moshi.

Tangu hapo uwanjani wakamwita Mpika Uji. Aliendelea kucheza mtaani miaka mingi, ila timu ya mji haikumwita tena. Alikuwa akicheka nao, lakini nyumbani tulijua inamuuma.

(Nyie wanaume wa siku hizi mnaopiga picha mmeshika chupa ya maziwa ya mtoto, mmechelewa sana.)

Miaka ya hamsini, nimeshaolewa, wakubwa wa mji wakaamua kuweka ubao ukumbini wenye majina kumi na moja ya waliocheza Tanga. Kazi ya kuuchonga akapewa Kibwana.

Baba akasema hayamhusu. Ila siku ya kuufunua alipiga pasi kanzu mwenyewe, mara mbili, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Mimi nilikuwa upande wa wanawake, roho inanisuta. Ningezaliwa wiki mbili baadaye, jina lake lingekuwepo.

Mwenyekiti akavuta kitambaa, akaanza kusoma. Alipofika winga wa kushoto akamgeukia Kibwana.

"Bwana Kibwana, hapa umekosea. Umeandika Mwinshehe. Aliyekwenda ni wewe."

"Sijakosea. Nafasi ni yake, mimi nilishikishwa tu."

"Na jina lako je?"

"Mimi nimechonga ubao. Yatosha."

Nililia waziwazi, sioni aibu kusema.

Baba akainuka kule nyuma, akamwendea Kibwana. Kibwana ndiye aliyeupigilia ubao asubuhi, kwa hiyo mfuko wake wa kazi ulikuwa bado miguuni.

"Nipe patasi," baba akasema.

"Ya nini, Mwinshehe? Wewe hujui kushika patasi."

"Hata uji nilikuwa sijui."

Akachonga palepale, chini ya majina yote, watu wamesimama wanangoja. Ilichukua muda, na jasho lilimtoka kuliko uwanjani.

Yale kumi na moja yamenyooka vizuri. La kumi na mbili, Kibwana, limepinda kama limelewa. Hakuna aliyethubutu kulirekebisha.

Nilichojifunza ni hiki: kuacha kujilaumu kwamba nilizaliwa. Tukiwa njiani kurudi nilimwomba baba msamaha kwa Tanga. Akaniambia, "Tanga ipo palepale, mwanangu. Mama yako na wewe mngekuwa hampo."

Haya, na nyie semeni. Kwenu nani alibaki nyumbani ili mwingine aende? Andikeni jina lake hapa chini, hata likipinda. Mjukuu atanisomea.