Siku Niliyosema Raya Kaanguka

Habari hii nakuhadithieni mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa sababu mkiisikia kwa wengine mtaambiwa nilimzika mtoto wa dada yangu naye yu hai, na hilo si kweli, sikumzika, nilimswalia tu. Aibu yake naivaa mpaka leo kila nikitoka nyumbani, maana hapa Wambaa hata nikienda kununua chumvi lazima atatokea mmoja aniulize kwa upole kabisa, "Hamadi, leo kaanguka nani?" na miye nakaza mwendo tu.

Raya ni mtoto wa pekee wa dada yangu Mize. Yuko Uingereza miaka mingi sasa, anauguza wagonjwa, na mji mdogo anaokaa huko una baraza lake, una madiwani na una meya, na wote hao wanapigiwa kura siku moja. Majirani zake wakamshikilia agombee udiwani wa wadi yao, akagombea. Sasa mimi, kwa kuwa niliwahi kukaa mapokezi ya hoteli moja ya wageni (Kiingereza changu kingi ni cha taulo na funguo, lakini Kiingereza ni Kiingereza), nikajipa kazi ya usemaji wa jambo lile hapa kijijini bila ya kuombwa na mtu.

Na udiwani nikauona mdogo. Nikawa nasema umeya. Mtu akiniuliza, "Hamadi, jana ulisema diwani, leo meya?" namwambia yakhe, kule ni mamoja, anayeingia mlango huu hutokea ule. Akiuliza kama ataupata kweli, nacheka, namwambia hakuna cha kushinda wala kushindwa, mambo yameshakwisha, Ijumaa anakwenda kuapishwa tu. Nilisema hivyo barazani, nilisema dukani, nilisema kwenye harusi ya watu, mpaka watu wote wa Wambaa wakawa wanajua kuwa Raya anakwenda kupewa umeya, na wala hakuna hata mmoja aliyejua kuwa kuna kura. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililoniua.

Ila kulikuwa na jambo tukilijua watu wawili tu, mimi na Mize. Raya alimwambia mama yake kwa simu, "Mama, nikipita nitakaa, ni miaka minne hiyo. Nikianguka nafunga mizigo, narudi nyumbani moja kwa moja." Basi Mize tokea siku ile kila akimaliza swala anainua mikono kumwomba Mungu mwanawe aangushwe. Nilimfuma akiomba kwa sauti, nikamgombeza, nikamwambia dada, watu wanawaombea watoto wao makubwa, weye unamwombea wako ashindwe. Akakunja msala wake taratibu, akaniambia, "Weye unataka meya, Hamadi. Miye nataka mtoto."

Ikafika Ijumaa. Nimetoka kuswali, nimekula, nimekaa barazani kwangu na simu, waya nimechomeka masikioni, natazama moja kwa moja ukumbi wa kule wanakohesabia kura. Naona watu wamejaa, Raya namwona kasimama nyuma ya wenzake na mtandio wake wa rangi ya maji ya bahari, na ua la kitambaa kifuani kama walivyovaa wagombea wenzake. Akapanda msimamizi jukwaani, akaanza kusoma majina ya wadi ya Raya na kura za kila mmoja. Mzee mmoja wa Kizungu kura nyingi, bibi mmoja wa Kizungu kura nyingi, kisha Raya, kura zake chache kuliko za wale wawili, kisha wengine huko chini. Msimamizi akageuza karatasi, akakohoa, akafungua mdomo aseme sasa neno lenyewe, na bando langu likaisha.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ulioniponza. Duka la vocha liko hatua chache tu kutoka barazani kwangu, ningenyanyuka ningeunga bando jingine na leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Nikajiambia la nini. Wadi moja diwani mmoja, ndivyo tunavyojua sisi, na huyu kashika nafasi ya tatu, sasa huyo msimamizi ana nini tena cha kuniambia nisichokijua? Nikachomoa waya, nikashika kichwa.

Na Bi Hidaya ndo anapita. Bi Hidaya ni jirani yetu, mtu mwema sana, ila neno likiingia sikioni kwake halikai hata dakika. Akaniona nilivyokaa, akatua ndoo.

"Hamadi, vipi? Raya kashaapishwa?"

Nikamwambia, "Raya kaanguka, Bi Hidaya."

"Kaanguka?"

"Kaanguka. Wamemwangusha wawili, mzee mmoja na bibi mmoja, Wazungu."

Akashika kifua. "Mbele za watu?"

"Ukumbi mzima unatazama. Nimeona kwa macho yangu kwenye simu."

"Na hakuna aliyesema kitu?"

"Nani aseme, Bi Hidaya? Ndiyo sheria yao." Nikavuta pumzi, nikaona nimalizie vizuri, kama mtu mwenye imani. "Ndiyo basi tena. Yamekwisha. Sisi tushukuru tu."

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama mama yake anajua. Nikamwambia ndiyo kwanza nakwenda kumpa habari na sijui hata nianzie wapi. Akafunika uso kwa kanga, akaondoka, ndoo akaiacha palepale kwangu. Nikaona huruma, nikasema moyoni, kumbe Bi Hidaya naye siasa anazipenda hivi.

Kwa Mize nilimkuta anapeta mchele uani. Nikamwambia, "Dada, Raya kaanguka," na yeye tu, kijiji kizima, ndiye aliyeielewa kauli yangu. Aliweka ungo chini. Akanitazama kama anataka niseme tena, nikasema tena. Basi machozi yakamtoka huku anacheka, akasema alhamdulillahi, akasema tena, kisha akanipita mbio akaingia chumba cha Raya, chumba ambacho miaka yote kilikuwa kikiwekwa nazi na magunia ya karafuu. Nikasikia magunia yanaburutwa. Sikumpenda dada yangu wakati ule, nasema kweli. Mimi umeya umenipotea na yeye anafagia. Nikaondoka.

Nimefika msikitini nimechelewa, watu wako rakaa ya mwisho ya Alasiri. Nikaunga, nikalipa rakaa zangu, na nikitoa salamu nawaona watu wameshanyanyuka, wamepanga safu wanaswalia maiti, na jeneza hamna. Nikajua ni swala ya ghaibu, pengine kuna mtu wa hapa kafia ng'ambo. Na swala hiyo haiulizwi katikati, nikasimama safu ya nyuma nikafuata takbira, nikamwombea marehemu yule kwa moyo wangu wote, asamehewe, apanuliwe kaburi lake, na jamaa zake wapewe subira. Nilijiona mtu mwema kweli.

Tulipomaliza, watu wakaja kunipa mkono mimi. "Mungu akupe subira, Hamadi." Nikajua ni habari ya kura imeshafika. Nikawajibu vizuri sana.

"Tumekubali," nikawaambia. "Kuna kuanguka na kuna kunyanyuka. Miaka minne si mingi, atajaribu tena."

Mzee mmoja akauondoa mkono wake kwangu kwa wasiwasi. Nikasikia nyuma yangu mtu akinong'ona, "Muacheni, kachanganyikiwa."

Huku nyumbani kwa Mize (haya niliyajua baadaye, Bi Hidaya mwenyewe ndiye aliyenihadithia, na alipokuwa akihadithia hakuwa akicheka) wanawake wameingia kwa kundi wamejitanda kanga, wanamkuta mfiwa kapanda juu ya kiti anatundika pazia na anaimba. Wakamshusha, wakamkumbatia, wakamwambia pole Mize, pole mwaya. Mize akawaambia, "Pole ya nini? Mwanangu anarudi nyumbani."

Wakatazamana. Mmoja akauliza analetwa lini.

"Wakimaliza mambo yao ya karatasi tu, anapanda ndege. Nami nataka akifika alale hapahapa, chumba hichi. Asiende pengine."

Basi uani kukalipuka kilio, na Mize akidhani wanalia kwa furaha, akaanza kuwabembeleza.

Mimi natokeza kona ya kwa Mize naona majamvi yametandikwa nje, wanaume wamekaa, sufuria kubwa la shughuli linashushwa kwenye gari ya ng'ombe, na sauti za wanawake zinatoka ndani. Maalim Faki, imamu wetu, kaja na njia ya mkato, yuko mlangoni. Nikamwendea.

"Maalim, nani kafariki?"

Akanishika bega. "Hamadi, sema inna lillahi."

"Nimesema. Nani?"

"Raya, ndugu yangu. Raya."

Jamani! Mnaweza kunicheka kwa mengine yote, ila hapo msinicheke. Nilimwona mtoto yule na mtandio wake, nikakumbuka kuwa bando langu lilikatika muda mrefu na simu yangu imelala mfukoni, na nikaamini palepale kuwa jambo limetokea baada ya kukatika, kuwa watu wamepata habari kwa njia nyingine na mimi ndiye wa mwisho kujua. Nikakaa chini mchangani na kanzu yangu nyeupe, nikalia kilio cha mtoto. Nilikuwa nimemnunia mama yake kwa ajili ya umeya. Nikalia hilo pia.

Maalim akaniacha nitoe machozi kidogo, kisha nikamuuliza, "Nani kakwambieni?"

Akanitazama kwa huruma. "Weye."

"Mimi?"

"Weye, Hamadi. Umesema kapigwa na wawili akaanguka. Umesema umeona kwenye simu. Umesema yamekwisha."

Nikayapanga yale maneno moja moja kichwani, kaanguka, wawili, ukumbi mzima, na nikaanza kusikia masikio yanachemka. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Kaanguka kura, Maalim. Kaanguka kura." Majamvi yote yakageuka kunitazama. Maalim akauliza, kura gani tena, si alikuwa anakwenda kuapishwa? Hapo hata ardhi ningeiomba inifiche ingekataa.

Hawakuniamini. Na wangeniaminije? Mmoja wao akaniwashia intaneti ya simu yake, nikainasa kwenye yangu, na hapo simu ikaanza kulia palepale mkononi, maana Raya alikuwa akinipigia muda wote ule hanipati. Nikafungua picha. Huyo, na mtandio wake, na ua lake kifuani, anacheka meno yote.

"Mjomba ulikuwa wapi? Nimepita."

Nikamwambia, "Umepita wapi? Si umeshika wa tatu."

"Wanachukuliwa watatu, mjomba. Wadi moja madiwani watatu. Nimepita." Kisha akasogea karibu na simu. "Mbona mko wengi hivyo? Nani kafa?"

Watu waliojazana nyuma yangu hakuna aliyethubutu, mpaka Bi Hidaya akapenyeza uso wake uliovimba kwa kilio, akamjibu.

"Weye, mwanangu."

Yaliyofuata mnayajua au mnayakisia. Walicheka wazee wa watu mpaka wakalala kwenye majamvi, na mchele ulioletwa wa msiba ukapikwa pilau, na Maalim akasema swala haipotei bure, Mungu ataielekeza kwa anayeihitaji. Na mimi nikahadithiwa mbele ya uso wangu na watu mbalimbali, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Hayo yote niliyastahiki.

Ila katika kucheka kule nikageuka kumtafuta dada yangu, na hayupo. Alikuwa kasimama mlangoni wakati Raya anasema nimepita, nilimwona, kisha sikumwona tena. Nikamfuata chumbani. Kumekuwa kusafi, pazia limetundikwa nusu, kitanda kimetandikwa shuka jipya la maua, naye kakaa pembeni ya kitanda mikono mapajani.

Nikamwambia, "Mize, nisamehe."

"Kwa lipi? Kwa kusema kafa, au kwa kusema kaanguka?"

"Kwa yote."

Akalinyoosha shuka pale lilipojikunja. "La kufa nimekusamehe, si kitu, yu hai. Hili la kuanguka ndilo." Akalitazama pazia. "Alasiri yote hii, Hamadi, nilikuwa na mwanangu humu ndani. Simu ile ungechelewa kuipokea."

Mimi, msemaji wa kijiji, nikapanda juu ya kile kiti nikamalizia kulitundika lile pazia.

Neno "kaanguka" nimeliacha tokea siku ile, hata nazi ikidondoka nasema imeshuka. Na magunia ya karafuu sasa yanalala kwangu, chumba kile Mize hataki kiwekwe kitu. Kila Ijumaa naunga bando kubwa kabla sijatoka nyumbani, nakwenda kukaa na dada yangu kwenye kile kitanda, namshikia simu waonane na diwani wake, na siikati mimi wala siondoki mpaka wamemaliza wenyewe kabisa, maana habari nusu nimeapa siibebi tena.