Dirisha la Baba

Tangu kiharusi kimnyang'anye baba yao usemi, nyumba ilikosa raha. Sasa mzee alikuwa amegoma kula, anapigapiga kitanda kwa mkono wake mzima, na kila mtu anafasiri anavyojua. Kaka mkubwa alisema ni hasira za ugonjwa tu. Dada yake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, hakukubali. Aliweka kompyuta yenye skrini ya kugusa kwenye stuli kando ya kitanda, akaanza kuandika programu: dirisha moja tu, lenye vitufe vikubwa ambavyo mzee angeweza kuvigusa.

Akaiwasha. Dirisha likachomoza, na kufumba na kufumbua likatoweka. Akajaribu tena. Yale yale.

"Acha kumchosha mzee na michezo yako," kaka alisema. "Anataka kulala."

"Kaka, nipe dakika."

"Dakika zako hazina mwisho."

Mzee alipiga kitanda tena, kwa nguvu zaidi, macho kayatoa. Fundi akapitia mstari mmoja mmoja mpaka akang'amua: aliiagiza programu ifungue dirisha, lakini hakuiagiza isubiri. Ikimaliza maagizo, inajifunga na kwenda zake. Akaongeza mstari wa kuifanya ingoje kuguswa.

Dirisha likafunguka, likatulia. Maji. Chakula. Choo. Naumwa.

Kidole cha mzee kilitua kwenye "Naumwa". Kikarudia. Kikarudia tena.

"Wapi, baba?"

Akabadilisha maneno ya vitufe mbiombio, vidole vikigongana: kichwa, kifua, tumbo, "mgu". Mzee hakujali herufi iliyokosekana. Aligusa hicho cha mwisho.

Kaka akafunua shuka. Mguu uliopooza, ambao wote waliamini hausikii kitu, ulikuwa umevimba kuanzia gotini kwenda chini, ngozi imevutika na kuwaka moto. Hakuna aliyebishana tena. Kaka alimbeba baba yake mikononi hadi kwenye teksi.

Daktari aliwaambia damu ilikuwa imeganda mguuni. Wangechelewa, ingepanda mapafuni. Mzee akalazwa, akatundikiwa dawa.

Kwenye korido, kaka aliketi kwenye benchi kando ya dada yake.

"Unaweza kuweka na kitufe cha jina langu?" aliuliza taratibu. "Siku akitaka kuniita."

"Naweza. Ila nitaweka na cha kukufukuza."

Kaka alicheka kidogo, kisha akajifuta uso kwa kiganja.