Nchi Mbili Nilizoziunganisha kwa Mdomo Wangu

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu jana niliwasikia wewe na wenzako mkibishana juu ya habari za kwenye simu. "Maadui wawili wa ile nchi kubwa wameungana," mnasema, "sasa itabidi iwapige wote." Mimi nimesoma miaka mitatu tu. Lakini jambo hili nalijua kuliko nyinyi wenye digrii, maana niliwahi kulivuruga mwenyewe.

Nilikuwa fundi cherehani hapa mtaani kwetu Muhima, na bendera ndogo za mezani za balozi nyingi zilitoka mikononi mwangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo, niliipigania. Wiki moja ubalozi wa nchi fulani ya jangwani ukaniagiza bendera za nchi ya kisiwani. Kesho yake watu wa kisiwani wakaagiza za jangwani. Nchi zenyewe ziko mbalimbali kabisa, hazina lugha moja wala dini moja. Walichofanana ni kwamba wote walikuwa wamegombana na nchi kubwa.

Siku ile akaja mnunuzi wa ubalozi wa nchi kubwa kuangalia mapazia yake. Akaziona bendera zimelala pamoja.

"Hizi ni za nini, fundi?"

Sikujua. Lakini kijana mwenye majivuno hasemi hajui. "Hawa sasa ni kitu kimoja, mkubwa," nikamwambia. "Ukimgusa huyu, umemgusa yule." Akaandika maneno yangu, nami nikajiona mtu wa maana.

Hazikupita wiki nyingi, katibu wa ubalozi wa kisiwani akaja kuchukua koti lake, uso umemshuka. Mke wake alikuwa mgonjwa wa moyo, na hospitali ya kumpasua ilikuwa katika nchi kubwa. Viza ilikuwa karibu kutoka. Sasa wamenyimwa.

"Wanasema sisi ni watu wa jangwani," aliniambia. "Mimi huko jangwani hata kufika sijafika!"

Nikamweleza Mzee Sefu, aliyenifundisha kushona. Akaondoa mguu kwenye cherehani yake.

"Walikuambia bendera ni za nini?"

"Hapana, mzee."

"Na hukuuliza. We kijana, unakata suruali ya mtu hujampima kiuno! Mimi ndiye niliyeshona vitambaa vya meza waliyokaa pamoja, bendera zako zikiwa juu yake. Chakula cha mchana kimoja tu. Hawa wanatafuta mafuta, wale wanatafuta mchele. Wakielewana, kila mtu anarudi kwake."

Nilipanda mpaka Kacyiru, kwenye ubalozi wa nchi kubwa, kumwambia yule mnunuzi kwamba nilibuni. Mlinzi hakunipitisha getini. Sisemi nchi kubwa inaendeshwa na maneno ya fundi. Walikuwa na sababu zao, na watu wengi wa kuwaambia walichotaka kusikia. Lakini na mimi nilitia langu.

Wale wa jangwani wakasikia habari za mgonjwa. Wakampa yule mama ndege na daktari wao, akapona. Katibu alipokuja kuniaga alisema, "Fundi, rafiki niliyemtaka alinifungia mlango. Sasa najua ninakaa upande gani." Tangu hapo nchi zile mbili zikawa kitu kimoja kweli, na nchi kubwa ikajisifu kwamba ilijua tangu mwanzo.

Basi mwanangu, wewe unayewaandikia wakubwa ripoti, sikiliza. Mwenye nguvu akiona maadui wake wawili wanasalimiana, hushikwa na hofu, akawafanyia wote jambo moja. Kwa kufanya hivyo anawaunganisha yeye. Wapo wanaoungana kwa ubaya kweli, sikatai, na hao wakabiliwe. Lakini kwanza uliza kila mmoja amefuata nini kwa mwenzake, na kama angekuja kwako iwapo angekipata kwako. Anayeweza kurudi, mwachie njia ya kurudi. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata mbele ya waziri. Hutafukuzwa kazi kwa hilo; na ukifukuzwa, njoo, nitakufundisha kushona.

Mungu akupe ujasiri wa kuuliza kabla hujasema. Akuepushe na kumuumiza mtu usiyemjua, na popote nchi itakapokutuma, uende na ukweli, urudi salama.