Paipu ya Breki ya Mama Mwalimu

Hivi wewe unajua paipu ya breki ya gari lako imepita wapi? Mimi nilikuwa sijui, mpaka mwalimu mstaafu wa fizikia hapa Mbinga alipoamua kujiundia gari uani kwake, kati ya mibuni na banda la nguruwe.

Siku anafunga paipu, fundi mmoja wa mjini alikuja kutazama. Bila hata shikamoo, akashika kiuno. "Mama, unaizungusha ya nini? Pitisha hapa kando ya ekzosi, ni karibu."

"Ekzosi ina moto, mwanangu. Mafuta ya breki yakichemka, utakanyaga hewa."

"Hayo ni ya darasani!"

Mama akaendelea kuifunga upande wa pili wa chesisi, kibano baada ya kibano.

Jumamosi tukateremka kwenda Mbamba Bay, mimi nimeng'ang'ania mlango. Fundi akatufuata na pikapu aliyoiunda mwenyewe, eti aje kutuokota. Karibu na mwisho wa mteremko, mbuzi wamejaa barabarani. Mama akakanyaga mara moja. Gari likatulia kama limeegeshwa.

Pikapu ikatupita pembeni ikipiga honi, ikaingia shamba la mihogo, ikasimama kwenye tuta la tatu.

Nakiri nilifurahi bila aibu. Mama hakucheka. Aliinama, akachungulia chini ya pikapu, kisha akamtazama fundi.

"Shikamoo, mama," fundi akasema akishuka. "Yangu niliipitisha kando ya ekzosi."