Muuza maua wa Kasongo amwagilia majivu

Saa kumi na mbili asubuhi, Ernestine Mwamini anapanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani, anaitua nyuma ya nyumba yake mjini Kasongo, mashariki mwa Kongo, na kuanza kumwagilia majivu.

Hakuna jani pale. Kuna duara jeusi la ardhi iliyoungua, kubwa kama mkeka. Analinyunyizia taratibu kwa kiganja, maji yasije yakasomba mbegu, kama zipo. Wapita njia wanageuza shingo juu ya baiskeli zao. Wengine wanasema mjane huyu amechanganyikiwa.

Hajachanganyikiwa. Ni muuza maua, na hapo ndipo zilipoteketea mbegu zake zote.

Kwa miaka mingi, aliyetaka maua ya harusi au ya altare alipiga hodi kwake. Zinia nyekundu, zinia za rangi ya machungwa, kosmosi za rangi ya waridi: alizipanda mvua zikielekea kwisha ili zifunguke kiangazi, msimu wa kuoana. Mumewe, Gaston, alizipeleka kanisani kwa baiskeli, mashina yakiwa ndani ya kidumu cha maji kilichokatwa mdomo. Maua hayo ndiyo yaliyomsomesha Plamedi, binti yao mkubwa, hadi akapata diploma. Hata maua ya plastiki yalipoingia sokoni, mabibi harusi waliendelea kuja.

Mbegu, lakini, hakumpa mtu. Majirani waliomba, naye akawachekea na kuwakatia shada badala yake. Maua machache aliyoyaacha yakaukie shinani aliyachuma peke yake, wenzake wakiwa sokoni. Kila mwenye biashara ana siri yake, na ya Ernestine ilikuwa hiyo.

Mwishoni mwa kiangazi kilichopita, Gaston alishikwa na homa na hakunyanyuka tena. Ernestine aliagiza kila ua lililofunguka likatwe kwa ajili ya jeneza. Hakuwa na wasiwasi. Mstari wake wa mbegu ulikuwa bado umesimama nyuma ya nyumba, vichwa vikavu, vyeusi, karibu kuchumwa.

Kisha akalala ndani na msiba wake. Nje, majirani walifanya lile ambalo mtaa wao humfanyia mfiwa, awe Mkristo au Mwislamu: walimsafishia kiwanja, waombolezaji wapate pa kulala pasipo na nyoka. Safia, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyewaongoza wanawake. Waliona vijiti vikavu. Wakaving'oa, wakavitia moto, na moto huohuo ukachemsha chai ya wageni. Ernestine aliletewa kikombe, akanywa.

"Walikuya kunisaidia," anasema, macho yakiwa kwenye majivu. "Hakuna mutu alijua ile iko mbegu. Ni miye nilificha. Sasa nitamukasirikia nani?"

Hilo ndilo linalommaliza. Angempata wa kumlaumu, angalau angelia kwa sauti.

Alikwenda makaburini kutazama kama shada la Gaston limebakiza mbegu, akakuta mbuzi wamelimaliza. Alimtuma Musafiri, dereva wa pikipiki, hadi Lusangi, kwani huko ndiko mama yake alikopewa mbegu za kwanza na mtawa mmoja. Musafiri alirudi mikono mitupu. Ile bustani ya watawa imechimbwa yote, watu wanatafuta dhahabu.

Sasa mvua zinanyesha, ingawa hupita siku kadhaa bila tone. Junior, kitindamimba, bado yuko shuleni, na mama yake hajui kiangazi kijacho atauza nini. Wiki iliyopita vichipukizi vilitokeza pembeni mwa majivu. Alivipigia magoti, akavilinda dhidi ya kuku mchana kutwa. Vilipofungua majani vikawa mboga ya lengalenga, mchicha wa kujiotea tu. Aliiacha iendelee kukua, maana hana tena moyo wa kung'oa chochote.

Kabla maji ya ndoo hayajaisha, Safia anaingia na ndoo yake mwenyewe. Plamedi alipomweleza kilichoungua siku ile, Safia aliketi chini akalia, na tangu hapo huja kila asubuhi. Wanawake hao wawili wanamwagilia bega kwa bega.

Leo Safia anauliza zikiota zitaonekanaje, asije akakosea tena. Ernestine anajipangusa viganja. Ni swali alilolikwepa maisha yake yote. Kisha anamwonyesha kwa vidole: majani mawili yanayotazamana, ukiyapapasa yanakwaruza kidogo. Na kichwa kikikauka na kuwa cheusi, anamwambia, usidhani kimekufa.

"Ikiota hata moya, dada, mbegu yake ya kwanza ni yako," anasema. "Nitapa kila nyumba ya hii avenue. Hata moya tu iote."

Safia ananyunyizia maji yake ya mwisho. Majivu yamelowa, hakuna kilichoota, na wote wawili wanachukua ndoo kushuka tena kijitoni.